Kichwa Mikononi mwa Shangazi

Msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu ana meno ya maziwa. Binti alikuwa akimsomea kwenye simu sifa za kujiunga na vyuo vikuu. Maombi yangefungwa jioni ile, na chaguo la kwanza lilikuwa moja tu. Msusi alishalijaza zamani moyoni mwake: udaktari. Mtaa mzima alishautangazia. Hata mteja aliyekaa chini ya draya alikuwa amekwisha kumwonyesha binti goti lake bovu.

"Chuo cha kwanza wanataka Bailojia na Kemia, B zote mbili," binti alisoma. "Cha pili wanaongeza usaili."

"Si unazo? Sasa tunajadili nini?"

"Shangazi, kuna na hii. Uhandisi wa ndege. Hisabati A, Fizikia A. Wanachukua watu ishirini tu."

"Hao ni vichwa hasa," msusi alisema, akivuta rasta. "Wewe Hisabati ulipata nini vile?"

"A. Na Fizikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza Bailojia tu."

Mteja akajifanya hasikii. Msusi alipandwa na hasira. "Haya, mhandisi, niambie hayo madude yanakaaje juu!"

Binti hakubishana. Alichana ukanda wa gazeti, akaushika chini ya mdomo ukaning'inia, kisha akapuliza juu yake. Karatasi ikanyanyuka. Msusi akamnyang'anya, akapuliza mwenyewe. Ikanyanyuka tena.

"Ndivyo upepo unavyobeba bawa," binti alisema, akaanza kueleza taratibu. Msusi hakuelewa hata nusu, lakini mwili ulimsisimka. Kichwa hiki alikijua kovu kwa kovu, na kumbe hakujua kilichomo. Alikistaajabia mpaka akakiogopa, kama mtu aliyekuta chumba kipya ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Nikikataa je?"

"Nitaomba udaktari, Shangazi. Sitakuangusha."

Jibu hilo lilimchoma kuliko ubishi wowote. Mtoto angekubali kweli, tena bila kununa, na yote haya yangebaki humo kichwani.

"Omba hiyo ya ndege," alisema. "Bonyeza upesi kabla sijabadilika."

Binti akabonyeza. Msusi alichukua kitana kugawa nywele zilizobaki, macho yakiwa bado kwenye ule ukanda wa gazeti, mstari ukapinda. Hakuurudia.