Ngozi ya Nusu Krauni

Mlango wa duka la sarafu za kale ulifunguliwa kwa teke. Kengele iliyoning'inia juu yake iling'oka ikaanguka sakafuni, na aliyeingia akaikanyaga bila kuitazama.

Thelma Barraclough alikuwa ameinamia kitambaa chake cheusi, ameshika shilingi ya Malkia Victoria kwa vidole viwili. Hakushtuka, au tuseme mkono wake haukushtuka. Mtu aliyeshika sarafu haruki. Marehemu mumewe alimfundisha hilo kabla ya jambo jingine lolote la kazi ile. Aliirudisha shilingi kwenye kijaluba chake kwanza, ndipo akainua macho.

Alikuwa kijana mrefu, hajafika thelathini, mvua ya mji wa Todmorden, Uingereza, ikimchuruzika puani. Juu ya jicho lake la kushoto palikuwa pamepasuka. Lakini damu iliyolowesha mikono ya sweta yake ilikuwa nyingi mno kutoka kwenye jeraha lile dogo, na Thelma aliliona hilo mara moja, kwa kuwa kuona vitu vidogo ndiyo ilikuwa riziki yake.

"Wewe ndiye Thelma?"

"Ndimi. Na huo mlango una kitasa, mwanangu."

"Sikuja kufundishwa milango." Kijana akafungua ngumi, akaitupa sarafu juu ya kioo cha meza. Ikadunda, ikazunguka, ikalala. "Irudishe ilivyokuwa."

Sauti ya fedha ikigonga kioo ilimchoma Thelma kama sindano. Aliiokota kwa kingo zake, akaiweka juu ya kitambaa, akachukua kioo cha kukuzia.

Ilikuwa nusu krauni ya Mfalme Edward wa Saba, ya mwaka 1905. Mwaka ule zilitengenezwa chache, na zilizobaki zimepita mifukoni na mabaani hadi mfalme hana sikio wala ndevu. Huyu alikuwa na sikio. Ndevu zake ungeweza kuzitenganisha unywele mmoja mmoja. Ila sarafu iling'aa kama kijiko cha harusi, na ilinuka dawa ya meno. Chini ya kioo cha kukuzia, uso wa mfalme ulijaa mikwaruzo myembamba iliyokwenda duara, duara, duara, jinsi kidole cha mtu mwenye bidii kinavyozunguka.

Kisha akaona alama ndogo kwenye ukingo, kama jino limeuma hapo. Sarafu hii aliijua.

Ilikuwa ya mzee Wilfred Sowden. Kila mwezi wakusanyaji wa sarafu wa mji walipokutana katika chumba cha juu cha baa, Wilfred aliitoa mfukoni mwa koti ikiwa ndani ya bahasha yake ya karatasi, nayo ikazungushwa mezani juu ya kitambaa. Watu waligeuza vichwa wakohoe pembeni, wasije wakairushia mate. Ilikuwa na ngozi ya kijivu chenye ubuluu, kama shingo ya njiwa, na kwenye kingo rangi ya dhahabu kidogo. Wakusanyaji huiita hivyohivyo, ngozi, kwa kuwa haipakwi. Huota yenyewe, polepole, miaka mia na zaidi. Watu wale husameheana mengi. Ukiangusha sarafu watakucheka, ukiipoteza watakupa pole. Lakini ukiisafisha, hutaalikwa tena.

"Hii ni ya Wilfred," alisema Thelma. "Wewe nani?"

"Dale. Mjukuu wake. Nimehamia kwake juzijuzi tu, nilipofukuzwa kazi kule mjini Hull."

"Na nani ameisugua?"

"Mimi." Alitazama sakafu. "Jumapili anatimiza miaka themanini. Nikaona mzee kila siku anakaa na kisarafu chake cheusi, nikasema nimfanyie kitu. Nimeisugua asubuhi nzima! Nikamwekea kwenye kisahani, pembeni ya chai yake."

"Masikini we. Akasemaje?"

"Hakusema. Alichukua fimbo." Akagusa pale juu ya jicho. "Ileile aliyokuwa akimpigia mama yangu. Basi we bibi, acha maswali. Ipake dawa, ichome, ifukie, utajua mwenyewe. Nikirudi nayo ilivyokuwa, yatakwisha."

"Wilfred yuko wapi, Dale?"

"Irudishe kwanza!"

Thelma alijua uongo wa kumpa. Wapo walaghai wanaozifukiza sarafu kwa kiberiti na mayai mabovu, na rangi hurudi kwa siku moja, ingawa ukiikagua ni poda iliyopakwa kwenye uso wa maiti. Angeweza kusema, njoo kesho, nitaishughulikia. Kila mwenye akili angesema hivyo. Lakini miaka yote aliyokaa nyuma ya meza ile hakuwahi kumdanganya mtu kuhusu hali ya sarafu, hata mjane aliyeleta sanduku la sarafu za marehemu mumewe akitumaini zitamnunulia nyumba nzima. Ulimi wake ukamtangulia.

"Haiwezekani, mwanangu. Ikishasuguliwa imesuguliwa."

Konde lilimpata shavuni. Alirudi nyuma na kiti chake, kabati la ukutani likamwangukia mgongoni, trei za sarafu za peni zikamwagika kama mvua ya mawe. Dale aliipanda meza. Kioo kilipasuka chini ya goti lake, naye hakuhisi. Alivuta droo moja baada ya nyingine na kuzirusha ukutani, faradhingi, shilingi, krauni nzito, zote zikipiga kelele, naye akipiga kelele kuzishinda.

"Haiwezekani! Haiwezekani! Nyie watu mna mioyo kweli? Ni uchafu! Nilitoa uchafu tu!"

"Dale, nisikilize..."

"Mtu anapigwa kwa sababu ya uchafu!"

Thelma alijikokota hadi mezani, akaunyoosha mkono kwenye nusu krauni, ambayo ilikuwa bado juu ya kitambaa, katikati ya vioo. Hata yeye hakujua kwa nini. Labda mazoea. Dale aliuona ule mkono, akaona jinsi vidole vilivyoikamata ile sarafu kwa upole, kwa kingo, na upole ule ndio uliomtia wazimu. Akanyakua jiwe la mizani la shaba akapiga. Akapiga tena.

Mlio wa mfupa si mkubwa. Thelma aliusikia kuliko vioo vyote. Kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vililala upande ambao Mungu hakuvipangia, na ukelele uliotoka kinywani mwake hakuutambua kuwa ni wake.

Peni moja ilikuwa bado inabingirika mahali fulani chini ya rafu.

Dale alilitazama lile jiwe mkononi mwake. Akaliweka chini polepole, kana kwamba ndilo lililoumia. Akashuka mezani, akakaa katikati ya vioo.

"Yuko jikoni," alisema. "Nilimnyang'anya fimbo. Nilimpiga nayo, kisha nikamsukuma, akaangukia jiko la chuma. Damu ilitoka masikioni. Nilipotoka alikuwa anakoroma."

Kukoroma. Thelma alishika meza kwa mkono mzima. Mtu anayekoroma yuko hai, na huyu mpumbavu amemwacha sakafuni akakimbilia kurudishiwa kutu.

"Nipe simu, iko pale chini ya kabati."

"Hapana." Aliruka akasimama mlangoni. "Watanifunga. Ukitaja jina langu tu wataniita muuaji, na hakuna atakayeuliza kingine. Nawajua. Mama alipoenda polisi kumshtaki babu, walikuwa wameshasikia ya babu kwanza."

"Anakufa, Dale!"

"Najua anakufa!"

Walitazamana. Damu ilimdondoka Thelma kwenye sketi. Alimchukia kijana yule kwa chuki safi, ya moto, na wakati huohuo alimwona kama alivyokuwa: mtu aliyeamka mapema akasugua kitu asubuhi nzima ili apendwe. Miaka ishirini alikuwa amemhesabu Wilfred kuwa mtu mpole kuliko wote mjini, kwa jinsi alivyoshika sarafu.

"Nisikilize basi," alisema. "Nitaita gari la wagonjwa. Nitataja nyumba, sitakutaja wewe. Polisi wakija wakiniuliza nani, sitasema. Utasema wewe, kwa mdomo wako, yote, na ya fimbo pia. Nitakaa pembeni yako mpaka useme. Naahidi."

"Hata na huo mkono?"

"Na huu mkono."

Dale alimkazia macho. Kisha akapiga magoti, akaitoa simu chini ya kabati, akampa. Thelma akapiga, akataja nyumba tu.

Nyumba ya Wilfred ilikuwa juu ya mlima, mwisho wa safu ya nyumba za mawe, na walipanda katika mvua, mkono wa Thelma ukiwa umefungwa kwa kile kitambaa cheusi. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshafika. Jikoni, kikombe cha chai kilikuwa mezani, kimepoa, na kisahani kitupu pembeni yake. Sakafuni wahudumu wawili walikuwa wamepiga magoti kando ya Wilfred. Uso wake ulikuwa umevimba hadi macho yamezama. Fimbo ilikuwa imevunjika vipande viwili.

Dale alitapika mlangoni.

"Anapumua," alisema mmoja wa wahudumu, mwanamke. "Kazi ipo, lakini anapumua. Na wewe mama, hebu huo mkono." Alifungua kitambaa, akakifunga tena. "Hivi vidole damu haifiki. Panda gari twende naye, nafasi ipo. Gari jingine sijui litakuja saa ngapi, barabara ya bondeni imefurika. Ukichelewa unavipoteza, nakwambia wazi."

Sajini Nuttall wa polisi aliingia akikung'uta kofia. Alimwangalia Wilfred, akaangalia sweta ya Dale, akaangalia mkono wa Thelma. Si mtu mjinga.

"Thelma. Nani kakufanya hivi?"

"Siwezi kusema, Sajini."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Bado."

"Bado? Unasubiri nini?" Alimsogelea. "Mzee kapondwa kichwa, wewe huna vidole, na huyu hapa ana damu kama mchinja nguruwe. Nataka neno lako tu nimfunge pingu twende. Ukinificha nitakuweka ndani na wewe, na unajua sikutanii."

"Niweke."

"Mama," alisema mhudumu, machela ikipita katikati yao, "tunaondoka. Sasa hivi. Unakuja?"

Thelma alikitazama kitambaa cheusi. Bila vile vidole viwili hakuna kushika sarafu kwa kingo, hakuna kuigeuza chini ya taa, hakuna duka. Mkono wa kushoto haujui lolote. Hakuna mtu ambaye angemlaumu akipanda gari. Ahadi yenyewe ilitolewa kwa mtu aliyemvunja, katikati ya vioo, ili tu apewe simu.

Dale alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, mvua ikimpiga magotini, midomo ikichezacheza bila sauti. Hakumtazama. Hakumwomba abaki.

"Nendeni," alisema Thelma.

"Mama, sijui kama umenielewa..."

"Nimekuelewa vizuri sana, binti. Nendeni, msimcheleweshe mzee."

Milango ya gari ikafungwa. Taa za buluu zilishuka mlima, zikapotea kwenye kona ya kiwanda cha zamani. Thelma alikwenda akakaa kwenye ngazi, bega kwa bega na Dale, jiwe likiwa baridi kama barafu. Maumivu yalipanda hadi kwenye meno. Sajini Nuttall alisimama juu yao, akatukana kwa sauti ndogo, akawasha redio yake ya mawasiliano, akaizima.

"Inauma?" aliuliza Dale.

"Inaua."

"Ningekuwa mimi ningekutaja."

"Najua."

Alikaa naye. Ukungu ulishuka ukafunika mapaa ya bondeni, jirani mmoja akachungulia akafunga pazia, na vidole ndani ya kitambaa vikaacha kuuma, jambo ambalo lilimtisha Thelma kuliko kuuma. Hakumhimiza kijana. Hakumgusa hata kwa kiwiko.

Hatimaye Dale alisimama. Akashika ukuta.

"Ni mimi," alisema. Akamgeukia Sajini. "Ni mimi niliyempiga babu. Alinipiga kwanza kwa ile fimbo, lakini mimi sikuacha. Na huyu mama pia ni mimi, na yeye hakunifanya kitu."

Sajini alitoa pingu, kisha akamgeukia Thelma, kalamu mkononi. "Ni kweli haya?"

"Usiniulize mimi," alisema Thelma. "Hajamaliza. Msikilize yeye."