Asante Kutoka Ng'ambo ya Kajunju

Jioni moja ya Jumanne, Benigna alimwandalia mumewe ndizi za ebitoke na maharage juu ya jani la mgomba, akamletea maji ya kunawa, kisha akaketi pembeni kusubiri malalamiko. Karugendo alikula kimya mpaka jani likabaki jani. Akafungua mdomo, akasema, "Asante sana, Mama Edvina. Leo umenishibisha."

Benigna aliwaza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, tangu padri alipowafungisha ndoa, mwanamume huyu hakuwahi kumshukuru kwa chakula. Kwake yeye, kumaliza ndiko kushukuru. La pili, Mama Edvina ni Restituta, mke wa Gozbert, anayekaa ng'ambo ya kijito cha Kajunju.

"Mama Edvina amekupikia lini, Baba Annastella?" aliuliza, bila kupandisha sauti.

Karugendo alitikisa kichwa. Mikono ilieleza, shingo ikaeleza, jasho likamtoka, lakini la kusikika halikuwepo. Baada ya kitambo mdomo ulimfunguka wenyewe, ukauliza, "Mbuzi wameingizwa?" Nyumba ile haikuwa na mbuzi.

Asubuhi Restituta alivuka kijito, sketi ameikunja mapajani, akaja kueleza ya upande wake. Jana Gozbert alikula, akachezesha midomo kushukuru kama kawaida yake, sauti isitoke. Kilichotoka baadaye kilikuwa utetezi mrefu: hajawahi kula kwa Mama Edvina, anaapa kwa Bikira Maria, aliyemwona aje aseme.

"Nikamwambia, bojo, unakula hapa kila siku," Restituta alisema.

Wanawake wale walicheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakanywa chai. Jambo lilikuwa wazi. Maneno ya Karugendo yalikuwa yanatokea mdomoni mwa Gozbert, na ya Gozbert mdomoni mwa Karugendo. Sauti ni ya mwenye mdomo, maneno ni ya mwenzake.

Sababu haikuhitaji mganga. Ujanani wawili hao walikula omukago. Walipasua tunda moja la kahawa, lenye punje mbili ndani kama mapacha tumboni, kila mmoja akaipaka punje yake damu kidogo ya kitovuni, akamlisha mwenzake kiganjani. Wakawa ndugu kupita ndugu. Padri aliposikia aliwapa rozari za kutubu. Wakazisali zote, lakini punje zilikuwa zimeshamezwa. Miaka ikaenda, ukaja uchaguzi wa kijiji. Gozbert akagombea uenyekiti kwa chama cha Mtungi, Karugendo akawa mpiga debe wa chama cha Mwavuli, na siri walizopeana kindugu zikapandishwa jukwaani zikapewa kipaza sauti. Karugendo alitangaza kwamba Gozbert, na ndevu zake zote, hulia usiku akimwota marehemu baba yake. Gozbert akajibu kwamba Karugendo hajui kusoma, gazeti hulishika miguu juu. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wazee walisema mvunja omukago huvimba tumbo, wakawa wanawachungulia matumbo kwa wiki kadhaa. Matumbo hayakuvimba. Kumbe adhabu ilikuwa inatafuta pa kukaa, ikachagua palipokosea.

Kijiji nacho kilikuwa kimepasuka, bila damu wala kahawa. Kanisani, Mwavuli walikaa upande wa sanamu ya Yosefu na Mtungi upande wa Bikira Maria, na wakati wa kutakiana amani kila mtu alimpa mkono jirani wa benchi lake, basi. Kwenye misiba walikuja kwa zamu. Daraja la Kajunju lilipobebwa na maji ya masika, halmashauri ilileta saruji, na saruji ikalala ofisini. Mwavuli walitaka daraja lijengwe juu, karibu na kilabu cha Mwenyekiti Ishengoma, mtu wao aliyemshinda Gozbert. Mtungi walitaka lijengwe chini, penye miamba. Mtendaji wa kijiji, Awadhi, kijana wa Kahororo mwenye adabu ya mjini, aliitisha mkutano akauitisha tena. Wakija hawa, wale wanasusa, akidi haitimii. Aliishia kuigonga mifuko ya saruji kwa kisigino kila asubuhi kusikiliza kama imeshaganda.

Na ndani ya nyumba ya Benigna alikuwamo binti yake, Annastella, aliyerudi kwao na mimba kubwa. Muuguzi alikuwa amemwambia mtoto amekingama tumboni. Huyu atazaliwa hospitali, si kwa mkunga, na aende akasubiri huko kabla uchungu haujaanza. Hospitali iko Rubya, na Rubya iko ng'ambo. Mawe ya kijito yalikuwa yameota utelezi, njia ya kuzunguka hata bodaboda waliikataa, na vuli ilikuwa imeanza kupiga bati. Kila ilipopiga, Benigna alilishika tumbo la mwanawe kana kwamba ndilo linalovuja.

Siku za mwanzo midomo ilitumika vibaya, kama kitu chochote kipya. Karugendo, akiwa shambani peke yake, alimtukana Gozbert kwa moyo wote. Matusi yakavuka kijito, na Gozbert, katikati ya foleni ya kuuza kahawa, akatangaza kwa sauti yake mwenyewe, "Gozbert ni mwizi wa mbuzi." Watu wa foleni waliitikia kwa kichwa. Gozbert akakanusha, na kukanusha kwake kukatokea kilabuni kwa Ishengoma, mdomoni mwa Karugendo: "Mimi si mwizi wa mbuzi!" Pale hakuna aliyekuwa amemshtaki mtu. Wakaanza kumwangalia.

Gozbert alipokwenda Bukoba, kwenye kikao cha chama pale Rwamishenye, alisimama kumkaribisha mgeni rasmi, wakati uleule kuku wa jirani walipoingia kwenye maharage ya Karugendo. "Toka hapo!" Gozbert alimwambia mgeni rasmi. "Umeshiba vya kwenu, umekuja kumaliza vyetu!" Ukumbi ulipiga makofi. Mgeni rasmi aliandika kitu, akakaa.

Kwa Benigna mambo yalipata utaratibu wake. Masikio ya Karugendo yalibaki yake, kwa hiyo mkewe alimwambia atakalo. Majibu yakatua kwa Restituta, naye akayaleta. "Anataka chumvi," Restituta alisema, amesimama mlangoni huku miguu inachuruzika maji. "Anauliza koti liko wapi. Na anasema wewe Benigna unamtangaza kwa watu." Benigna naye alipokea ya Gozbert akayapeleka. Jioni, mume wake alipomaliza kula, mdomo ukasema, "Asante, Mama Edvina." Benigna hakuyapeleka hayo. Aliyabakiza, kama mtu anayebakiza ukoko kwenye sufuria.

Kisha ikaja jioni ya sala.

Mvua ilikuwa imekatika na migomba ilidondosha matone. Karugendo alikuwa analinoa panga lake kwenye jiwe. Mdomo ulimfunguka, na sauti ile iliyozoea kufokea kuku ikashuka, ikawa laini kama ya mtu anayemwamsha mtoto.

"Mungu wangu," mdomo ulisema, "yule Annastella wa ndugu yangu nilimbeba mgongoni siku aliyobatizwa. Mvushe. Mimi na baba yake tumeshindwa kumjengea hata ubao wa kukanyaga. Karugendo mponye kiburi. Na mimi niponye cha kwangu, maana ni kikubwa zaidi, ila sitaki ajue."

Panga lilisimama juu ya jiwe. Vyura wa Kajunju, ambao hawamnyamazii hata askofu, walinyamaza. Annastella alitoka ndani ameshika kiuno, akasimama mlangoni. Benigna alipiga magoti kwenye tope, na hakujua kama anampigia magoti Mungu, au mumewe, au mtu wa ng'ambo aliyekuwa anasali gizani bila kujua sala yake inatokea wapi. Karugendo alikaa mdomo wazi mpaka amina. Machozi yalimtoka, na hayo yalikuwa yake. Macho hayakuwa yamebadilishana.

Asubuhi Benigna ndiye aliyevuka.

"Ma Restituta, tuwakalishe mbele ya watu," alisema.

"Watu watakuja?"

"Mkutano hawaji. Kuangalia midomo watakuja."

Walikuja. Walikuja Mwavuli na Mtungi, na waliokuwa wanaumwa wakabebwa. Walikaa mafungu mawili, katikati wakaacha njia ya kupita ng'ombe, lakini walikuja, na Awadhi alipohesabu akidi ikawa imetimia na kupita. Alivua kofia yake akaitazama ndani, kama mtu anayetafuta hesabu aliyoikosea.

Karugendo na Gozbert waliwekwa kwenye viti viwili vinavyotazamana. Waliwahi wote wawili kuanza, maneno yakagongana njiani, na kila mmoja akauma ulimi. Wakajifunza papo hapo. Mmoja akawa anasubiri mwenzake amalize, na kwa kuwa maneno yake mwenyewe aliyasikia kutoka usoni kwa mwenzake, ilimbidi amtazame. Kijiji kilikuwa hakijawahi kuona watu wawili wenye vyama wakisubiriana. Hata watoto waliacha kutafuna miwa.

Gozbert alisukuma hoja yake, nayo ikatokea kwa Karugendo: "Daraja lijengwe chini. Kule juu ni tope, nguzo zitazama. Chini kuna mwamba."

Mwavuli walipiga makofi. Mtu wao amesema.

Karugendo akajibu, likatokea kwa Gozbert: "Chini, sawa. Ila watu wa juu wachongewe njia ya kuteremka, mama mjamzito asishuke kwa makalio."

Mtungi walipiga vigelegele. Mtu wao naye amesema, tena kwa busara.

"Mawe tutatoa sisi wa huku."

"Mbao tutatoa sisi."

"Msaragambo wa kulijenga kesho?"

"Kesho."

Ndipo kutoka mdomoni mwa Gozbert likaja neno ambalo halikuwa kwenye ajenda: "Siri yako niliitoa nje. Nisamehe." Mdomo wa Karugendo nao, bila kuchelewa, ukasema, "Nisamehe. Siri yako niliitoa nje." Nani alimwomba nani kwanza, watu hawakuweza kupanga, na wenyewe hawakufafanua. Upepo ulipita katikati ya mafungu mawili, kwenye ile njia ya ng'ombe, ukapeperusha khanga za pande zote kwa pamoja.

Awadhi aliuliza kama kuna anayepinga. Mikono haikuinuka.

Daraja lilijengwa. Mifuko mitatu ilikuwa imeganda kabisa. Wakaitupa mtoni kama mawe, na kwa kazi hiyo ilifaa. Saruji ilipokauka, Annastella alivuka kwa miguu yake, polepole, mama yake mbele na Restituta nyuma, maji ya kahawia yakinguruma chini ya nyayo zao. Alipofika katikati alisimama akayatazama. "Mama, yanapita tu," alisema. Alizaa Rubya mtoto wa kiume mwenye mapafu mazuri, na mtoto huyo alipolia, kilio kilitoka mdomoni mwake mwenyewe. Benigna alihakikisha mara mbili.

Habari ingeishia hapo kama watu wangekuwa na haraka ya kuvuka kuliko ya kuuliza. Mwenyekiti Ishengoma alikaa kilabuni kwake akapiga hesabu, akagundua kwamba maneno ya kujenga chini yalikuwa ya Gozbert, yamepitia tu kwa Karugendo. Mwavuli wakajiona wamepigishwa makofi ya chama kingine. Wakatangaza kwamba daraja lile hawalikanyagi. Mtungi waliposikia, wakakumbuka kwamba yale waliyoyapigia vigelegele yalikuwa ya Karugendo. Nao wakasusa. Mwamba ulikuwa uleule na daraja lilikuwa lilelile. Hakuna aliyelalamikia hata msumari.

Tangu hapo daraja la Kajunju linapitwa na wanawake, watoto, mbuzi na Awadhi. Wanaume wazima wenye kadi huvukia majini, Mwavuli juu ya daraja na Mtungi chini yake, suruali mkononi, maji kiunoni, na hawasalimiani. Wagonjwa wao huvushwa darajani na wake zao. Wenyewe hukutana nao ng'ambo, wamelowa.

Midomo haikurudi. Padri aliibariki, mganga wa Muleba aliitazama akasema ni mizima, na watu wakaizoea. Karugendo na Gozbert, kinyume cha vyama vyao, hukaa darajani Jumapili baada ya misa, peke yao, wanatazamana na kusubiriana. Bado ni wa vyama viwili. Kura zijazo kila mmoja atampigia adui wa mwenzake, na wameshaambiana hivyo.

Mwezi uliopita Restituta alikuja mchana, miguu mikavu. Benigna alikuwa anamenya ndizi.

"Nyegera waitu," Benigna alimpokea. "Anataka nini leo, chumvi?"

"Chumvi hajasema." Restituta aliketi. "Jana jioni Gozbert alikula, akashukuru, naamini ilikufikia."

"Ilifika."

"Basi akawa amelala kwenye kiti. Mara mdomo wake ukafunguka, ukasema, 'Asante, Mama Annastella.' Nikangoja nisikie anachoomba. Hakuomba kitu. Nikaona si yangu, nimekuletea."

Benigna alishika kisu bila kumenya. "Aliisema vipi?"

"Kama mtu anayevuka gizani."

Huko kijitoni wanaume wawili walikuwa wanatukanana majini, mmoja juu ya daraja, mmoja chini yake. Benigna alinawa utomvu mikononi, akamfuata mumewe shambani, akamkuta ameegemea mgomba.

"Imefika," alimwambia.

Karugendo alimtazama. Mdomo ulimfunguka, na kutoka ng'ambo, ambako Gozbert alikuwa anahutubia watu wake, likatoka hili: "Kura zetu ziliibwa, na hatutasahau!"

"Karibu," alisema Benigna, akarudi kumenya ndizi.