Mbuzi wa Mama Mabula

Ilikuwa Ijumaa, saa sita na dakika tatu mchana, na Euphrasia alikuwa akimenya vitunguu vya msiba ambao mwenye msiba alikuwa hajaambiwa. Simu yake ikatetemeka juu ya benchi. Ikatulia, ikatetemeka tena, ikawa haiachi. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaisoma.

"Imetoka," alimwambia Loveness, mama lishe mwenye banda. "Ile ya Mabula imetoka."

Loveness hakuuliza imetokaje. Katoro nzima ilijua kwamba kila Ijumaa saa sita, wachimbaji wanapokaa kula, blogu ya Euphrasia, Vumbi la Katoro, inatoa andiko jipya. Miaka sita hakukosa Ijumaa hata moja. Malaria ilimlaza, akatoa. Alimzika baba yake Alhamisi, kesho yake akatoa. Watu walimsifu kwa hilo, naye, tuseme kweli, kichwa kilimvimba.

Alikuwa na utaratibu wake na aliushika kama dini. Jumamosi anazunguka gulioni na daftari la shule, hanunui kitu, anasikiliza tu. Jumatatu anaandika kwa mkono, mbio mbio, bila kurudi nyuma, mpaka hasira imwishe, au kicheko. Halafu analiacha andiko lilale siku mbili tatu, kama michembe ya viazi juani, maji yatoke. Alhamisi jioni ndipo anapolishikia kisu. Anakata sifa, anakata machozi, anakata kila alichokiongeza ili apendwe. Kinachobaki hukiweka kwenye foleni, na blogu yenyewe, aliyoiseti zamani, hukitoa Ijumaa saa sita hata kama yeye amelala fofofo.

Wiki hii duara moja, shimo la wachimbaji wa dhahabu, liliporomoka Jumatano. Mabula, kijana wa Mhunze aliyepanga chumba cha jirani naye, alitolewa humo shimoni Alhamisi asubuhi, hana uhai. Jilala, mzee wa wachimbaji wa duara lile, akawakusanya watu na kusema maneno machache. Mama yake aambiwe kijana anaumwa. Aje, ashuke, akalishwe chini, anywe maji, ndipo aambiwe. Mpaka hapo jina lisitoke. Ndivyo inavyofanywa, maana kifo hakipelekwi kwa simu kwa mtu aliye peke yake shambani. Namba ya mama alikuwa nayo Euphrasia. Mabula alimwandikia siku moja alipokuwa na homa, awe nayo ikitokea lolote, akasema yeye mwenyewe hampigii mama yake.

Basi Euphrasia akampigia. "Mama, Mabula anaumwa. Njoo."

Alipokata simu mkono ulikuwa unamuwasha kwa hamu ya kuandika. Akajifungia chumbani, akaandika saa nzima bila kuinua kichwa, safari hii moja kwa moja kwenye simu. Aliandika jina, Mhunze, duara, namna wenzake walivyochimba kwa mikono wakimwita. Na katikati, mahali andiko lilipopwaya, akamtilia mama yake mbuzi: mama mjane aliyeuza mbuzi wake wa mwisho ili mwanawe apate nauli ya kuja Katoro. Alijua si kweli. Alijua pia kwamba kisu kikipita, mbuzi huyo atakuwa wa kwanza kuchinjwa. Akaliweka kwenye foleni, akijiambia atalirudia kwa kisu kabla halijatoka. Mara akaitwa akabebe masufuria ya msiba, akaenda, na tangu hapo hakukumbuka tena kwamba kesho yake ni Ijumaa.

Sasa alimpigia Charles. Charles alikuwa mtoto wa shangazi yake, ana duka la simu Kahama, na ndiye mwenye paswedi ya kufutia maandiko. Euphrasia mwenyewe ndiye aliyemkabidhi, baada ya kufuta maandiko mazuri mara mbili kwa hasira zake. Alimwambia, nikitaka kufuta, nizuie.

"Futa," alisema.

"Dada, umeona lakini? Watu elfu tatu, na nusu saa haijaisha."

"Charles, futa. Mama yake yuko kwenye basi. Hajui."

"Mama wa Mhunze huko atasoma blogu? Dada, acha presha. Hili ndilo andiko lako bora kuliko yote. Pale kwenye mbuzi nimelia, Mungu shahidi."

Euphrasia akamtukana. Akamtukana kwa Kiswahili, kilipomwishia akahamia Kisukuma, mpaka Loveness akageuza uso kwa aibu. Akamwambia ana roho ya fisi, anashiba kwenye maiti ya mtu. Charles akasema polepole, kama mtu aliyeonewa, "Wewe ndiye uliyeandika. Mimi sijaongeza hata nukta."

Charles akakata simu. Robo saa baadaye andiko lilifutwa kweli, ila lilikuwa limeshasambaa kwenye magrupu, na maji yakimwagika hayazoleki. Euphrasia akarudi kwenye vitunguu. Alivikata kama vimemkosea. Hasira yake kwa Charles ilikuwa ya haki na alitaka ibaki huko huko Kahama, lakini haikukaa. Kila alipomkumbuka Charles akilia kwa ajili ya mbuzi, ilimrudia yeye. Miaka sita ya kujisifu kwamba hakosi. Nani alimwomba asikose? Katoro ingekufa kwa Ijumaa moja bila Vumbi?

Basi lilifika saa tisa. Jilala alikuwa stendi na wanawake wawili wa kumpokea. Euphrasia aliwaza kujificha bandani, akaona hilo ni chafu kuliko yote, akaenda. Mama Mabula alishuka mwenyewe, mwembamba, mrefu, kwapani ana jogoo aliyefungwa miguu. Euphrasia alimtazama usoni, akitafuta kama ameshajua. Uso ulikuwa umechoka kwa safari tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Euphrasia wa kwenye simu? Asante. Nimemletea wa supu." Akamwinua jogoo kidogo. "Eeh, lakini leo nimeponea chupuchupu. Tumetoka Kahama, binti mmoja akatusomea habari kwenye simu yake. Kijana kafukiwa na shimo huku Katoro, Mabula, wa Mhunze."

Jilala akakohoa. "Karibu ukae kwanza, mayu, mama yetu," alisema.

"Nitakaa. Nikamwambia yule binti, soma mpaka mwisho. Akasoma. Alipofika kwa mama yake, kwamba aliuza mbuzi ampe mtoto nauli, nikashukuru Mungu. Nikasema si wangu. Wangu nilimkatalia. Nilimwambia akienda machimboni asinijue tena, akaondoka bila kuniaga." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeona hatari ikipita pembeni. "Akina Mabula ni wengi. Nimemhurumia tu huyo mama mwenye mbuzi. Haya, twendeni hospitali."

Wanawake wawili wakatazamana. Jilala alimwangalia Euphrasia, na jicho lake lilimwambia nyamaza, tumfikishe kwenye kiti. Ndivyo inavyofanywa. Lakini mama alikuwa amemshika mkono, anamvuta waende, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Euphrasia ndiye aliyeitia pale. Kila hatua kuelekea kwenye kiti ingekuwa hatua nyingine ya kumdanganya. Akajichukia.

"Mama," alisema. "Habari hiyo niliiandika mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Huyo mbuzi nilimwongeza. Hakuwepo."

Mama Mabula akasimama. Hakuuachia mkono. Kondakta alikuwa anapiga ubavu wa basi na kuita watu wa Geita.

"Na mengine?" aliuliza.

"Mengine ni kweli, mama."

Jogoo alianguka. Jilala na wale wanawake walimdaka mama kabla magoti hayajagusa chini, wakamkalisha kwenye ngazi ya duka la vocha. Maji yakaletwa, hakuyanywa. Jilala alimgeukia Euphrasia. "Ondoka hapa," alisema kwa sauti ya chini, na Euphrasia aliona alikuwa na haki ya kusema hata zaidi ya hapo.

"Mwache," mama alisema. Hakuwa akilia bado. "Mwache aniambie. Alikusimulia kwamba nilimkatalia?"

"Alinisimulia."

"Akasemaje?"

Euphrasia alijua majibu kumi ambayo yangempoza mtu. Yalikuja yenyewe, yamepangika, kama yalivyokuwa yakimjia kila Jumatatu. Mabula alikuwa amesema maneno machache tu, amekaa kwenye ndoo, anafunga kamba za viatu kwa hasira.

"Alisema atarudi na mabati ya nyumba yako, tuone utasema nini."

Hakuongeza neno.

Mama Mabula aliitazama barabara ya Ushirombo, lilikotokea basi.

"Ningesema nini," alisema. "Ningemwambia anawe mikono, ale."