Flashi Iliyomruka Mheshimiwa

Baba wa bibi harusi ndiye aliyekuwa mpiga picha wa harusi, na mtu mwingine asingegusa kamera siku hiyo hata kwa dawa. Maisha yake yote alikuwa amewapiga picha watoto wa watu. Leo ilikuwa zamu ya mtoto wake, tena wa pekee, na alichokitaka kilikuwa kimoja tu: picha ya binti yake akicheka. Si kutabasamu. Kutabasamu binti alikuwa ametabasamu tangu asubuhi, tabasamu la kitambulisho, midomo imebanwa kama mtu aliyeficha pini mdomoni. Kile kicheko chake chenyewe, cha kushika mbavu na kutafuta ukuta wa kuegemea, hakikuwa kimesikika nyumbani tangu mama yake alipofariki.

Mama wa watu alifia kwenye jengo jipya la hospitali, lenye vigae vya kung'aa na makabati ya dawa matupu. Siku wakubwa walipokuja kulikatia utepe, aliyewapiga picha ni huyu huyu mumewe, akawapanga vizuri, akawaambia wasogee pamoja. Tangu msiba ule, akiona suti na msafara anatazama pembeni asije akatukana.

Jua lilipoanza kushuka waliingia bustani ya mji. Bustani nayo ina wenyewe. Langoni palikuwa pamebandikwa amri: stendi za taa ni marufuku kwenye majani. Majani yenyewe yalikuwa yamekauka yakawa rangi ya mkeka, lakini askari wa bustani alikuwa amesimama hapo na filimbi yake shingoni.

"Sasa flashi niitundike wapi, kwenye mawingu?" mzee alimuuliza.

"Mzee wangu, mimi nimetumwa tu."

"Najua. Kila mtu katumwa, anayetuma haonekani."

Mama wa bwana harusi, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita wateja, akasogea. "Mwanangu, miguu ya watu inaruhusiwa kwenye hayo majani?"

Askari akafikiri. "Miguu ya watu inaruhusiwa, mama."

"Basi mkwe, nipe hiyo taa. Stendi ni mimi."

Akakabidhiwa fimbo yenye flashi na mwavuli mweupe. Mzee akamsogeza huku na huku kama kabati. Maharusi walikuwa wamelipa jua mgongo, limewazungushia mstari wa dhahabu mabegani, lakini nyuso zao zilikuwa gizani. Bila flashi ya pembeni wangetoka weusi kama masizi ya sufuria.

"Inua. Juu ya macho yao kidogo, ishuke kama mwanga wa dirishani. Hapo hapo. Usipumue."

"Nisipumue? Nikikata roho hapa mtasema nimeionea wivu harusi ya mwanangu."

Flashi ikalia pah, ikalia pah. Picha zilikuwa nzuri, mzee hakuweza kujidanganya. Anga la buluu, shela linang'aa, bwana harusi, fundi friji kijana, amenyooka kama nguzo. Na bibi harusi na lile tabasamu lake la kitambulisho.

"Mama, fikiria kitu cha kuchekesha," baba alimbembeleza binti yake.

"Nafikiria, baba."

"Fikiria kingine."

Ndipo Mheshimiwa alipotokea. Huyu ndiye mwenyekiti wa bustani, aliyeitunga ile amri ya majani, na kazi yake kubwa ilikuwa kupita jioni kuona nani anafurahi bila kibali. Alipoona harusi akafunga kifungo cha koti, akanyoosha tai, akapita katikati ya majani, akasimama ubavuni mwa bwana harusi. Hakuombwa. Akavuta tumbo ndani.

"Endelea, mzee. Harusi za wananchi ni harusi zetu."

Mzee akapima. Kumfukuza, askari ana filimbi na jua halimngojei mtu. Kumpiga picha, atakaa ukutani sebuleni kwa binti yake mpaka wajukuu waulize yule ni babu gani.

Akailaza kamera ubavu na kuzungusha kidude cha kasi hadi mwisho. Ndani ya kamera mna pazia dogo linalofunguka na kujifunga. Ukilikimbiza kupita kiasi, flashi inawaka wakati nusu ya picha imeshafunikwa, na upande huo haupati mwanga hata chembe. Ni kosa la wanaojifunza. Mzee alikuwa amewafokea wengi kwa kosa hilo, na alijua vilevile upande gani utafunikwa ukiilaza kamera kushoto na upande gani ukiilaza kulia.

Pah.

"Hebu nione," alisema Mheshimiwa, na wote wakainamia kioo cha kamera. Maharusi waling'aa kama wametoka kuoshwa. Kando yao palisimama kitu cheusi chenye tumbo.

"Mbona mimi nimekuwa kivuli?"

"Mwanga, Mheshimiwa," mzee alisema kwa unyenyekevu wa msikitini. "Haukufika kwako. Labda kama stendi ingeruhusiwa kukanyaga majani."

Bibi harusi alitazama kioo, akamtazama baba yake. Alikuwa amekulia chini ya meza ya studio; pazia alilijua kabla hajajua kusoma.

"Baba," alisema, sauti inaanza kutetemeka, "yaani wewe, kwenye umri huo, pazia limekushinda?"

"Uzee, mwanangu."

"Usihuzunike, Mheshimiwa," mama wa bwana harusi alidakia kutoka kwenye ustendi wake. "Mbona sisi mwaka mzima tunakuona hivyo hivyo."

Kikatoka kile kicheko. Kilianza puani, kikashuka tumboni, binti akajikunja, akatafuta ukuta, akakosa, akamshika mumewe koti mpaka likavutika begani. Mzee alikuwa ameshainyoosha kamera na kurudisha kidude.

"Mkwe, taa! Tulia na taa!"

"Nitatuliaje nacheka?"

Mwavuli ulikuwa unayumba kama mlevi. Akapiga hivyo hivyo, akapiga tena, akapiga mpaka flashi ikachoka ikagoma kuwaka.

Picha moja ya kicheko hicho waliisafisha kubwa, ikatundikwa sebuleni kwa binti. Shela limeteleza sikioni, mdomo wazi, pengo la jino la pembeni linaonekana, na bwana harusi ameisahau kamera, anamtazama mkewe. Ukingoni yupo Mheshimiwa, na safari hii mwanga ulimfika wote. Anacheka naye, koti limefunguka, tumbo limeachiwa. Mama wa bwana harusi alimuuliza mzee kwa nini asimkate tu kwa mkasi, maana yuko pembeni kabisa.

Mzee aligusa ukingo wa picha. "Akikatwa," alisema, "na mkono wa binti yangu unaenda naye. Umemkamata tai."

Kweli, alikuwa amemkamata.