Udongo wa Nyuma ya Nyumba

Mfinyanzi alikuwa bingwa wa kusoma nyufa, na hilo ndilo lililomtia jeuri. Sanamu yake ya maonyesho ilikuwa mezani karakanani, inakauka: mwanamke amelala kifudifudi, mgongoni kabebeshwa mji mzima, maghorofa, minara na vijibarabara. Mwanamke ndiye ardhi, sisi ndio mji. Tumemkalia, naye kanyamaza. Ndivyo alivyopanga kuwaeleza wageni, na maneno hayo alishayafanyia mazoezi mbele ya kioo.

Asubuhi ile akakuta ufa ubavuni mwa mwanamke. Akachovya kidole kwenye uji wa udongo, akaziba. Kufika adhuhuri ufa umerudi palepale, tena mrefu zaidi. Akajicheka. Kila siku anawafokea wanafunzi wake: udongo mbichi haushikani na mkavu, ukiziba juu unajidanganya, chini unaendelea kupasuka. Leo kafanya mwalimu mwenyewe.

Kicheko kikamkauka. Mwezi uliopita alifanya hivyohivyo kwenye ukuta wa chumba cha mama yake.

Mama alilalamika kwamba mlango unakwama na ukutani pana mstari. Naye, binti msikivu, akaja na bakuli la uji uleule, akaziba, akalainisha kwa sifongo, akapaka rangi. Kazi safi. Na udongo wake mzuri, ule usio na hata kokoto, alikuwa akiuchimba wapi miaka sita yote hii? Nyuma ya nyumba, kwenye ukingo wa mteremko, chini ya chumba hichohicho. Ndoo moja moja, haba na haba. Na mvua ilikuwa inanyesha tangu jana.

Aliogopa. Akavuka ua mbio, peku.

"Mama, toka nje."

Mama alikuwa kitandani anakunja nguo. "Kwenye mvua hii? Una nini wewe?"

"Ukuta una ufa."

"Si ulishauziba? Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe umeziba, yamekwisha."

"Niliziba vibaya, mama."

"Acha masihara. Wewe ndiye wa kuziba vibaya?" Mama akaendelea kukunja, anatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomtisha binti kuliko mvua.

Hakubishana tena. Akaenda ukutani, akasukuma pale alipopaka rangi. Donge zima likadondokea upande wa pili. Mkono wake ukazama mpaka kwenye kiwiko, na huko nje vidole vikalowa mvua.

Mama akautazama mkono ulioingia ukutani. Akaziacha nguo, akaacha na ndara, akashika njia.

Walikuwa wamefika getini chumba kilipokwenda. Hakikupiga kelele nyingi. Kiliguna tu, kitanda na nguo zilizokunjwa vikateremka pamoja na ukingo, pakabaki mlango umesimama peke yake.

Mfinyanzi aliutazama mlango ule. Yale maneno ya mbele ya kioo hakukumbuka hata moja. Alitaka kuomba radhi.

Mama akamshika ule mkono wenye matope, akaanza kuufuta kwa upindo wa kanga yake, taratibu, kidole kwa kidole.

"Majirani wote nimewaambia," akasema, "kwamba mwanangu hanunui udongo. Anachimba hapahapa nyumbani."