Kiroboto Ndani ya Toroli

Wafanyakazi wote wa ile supamaketi walimwita Komeo, naye hakuchukia. Alikuwa mlinzi wa mlangoni, mrefu, kifua kama kabati, na akisimama katikati ya mlango hata upepo ulilazimika kuomba njia. Lakini waliomzoea walijua kwamba komeo lile lilikuwa la nta. Hakuweza kumkaripia hata paka aliyekuja kunusanusa upande wa nyama. Mzee akiingia, alimpokea kikapu. Mtoto akilia, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja pua na kutoa ulimi mpaka mtoto acheke.

Sasa, Jumatatu moja, mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi alikuwa amesimama ndani ya toroli, katikati ya unga na sabuni. Mama yake alikuwa amegeuka kidogo tu, anachagua mafuta ya kupikia. Mtoto akaona biskuti kwenye rafu, akanyoosha mkono, akazidi kunyoosha, na toroli likainua magurudumu mawili. Komeo alimwona tokea mlangoni. Alitoka mbio ambazo hakuwa amezikimbia tangu shule ya msingi, na alipofika, alichofanikiwa kudaka kilikuwa kiatu. Mwenye kiatu alikuwa tayari sakafuni.

Mungu saidia, hakuvunjika kitu. Daktari alimpima, akamrudisha nyumbani na nundu kubwa kama limau. Lakini Komeo hakuonja chakula siku ile. Kila akitaka kumeza, aliusikia tena ule mlio wa kichwa na sakafu.

Kesho yake meneja akabandika tangazo. Meneja alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, mwenye kuongea upesi kama anayewahi basi.

"Kuanzia leo, hakuna mtoto ndani ya toroli," alisema. "Awe mkubwa, awe mdogo, awe wa waziri. Komeo, wewe ndiye mlango. Ukimpitisha mmoja, umewapitisha wote. Umenisikia?"

"Nimesikia, bosi."

Kusikia ni jambo moja, kutekeleza ni jingine. Wiki ile Komeo alitukanwa kwa namna ambazo hakujua kama zipo. Mama mmoja aliyebeba mtoto mchanga mgongoni na mwingine ndani ya toroli alimuuliza, "Huyu nimtie mfukoni?" Mwingine aliapa kwamba mwanawe ameogeshwa miguu asubuhi ile ile, kwa hiyo haijalishi akikanyaga mikate. Palikuwa pia na fundi mabomba mmoja, baba mwenye sauti kama king'ora, ambaye binti yake alizoea kukaa kwenye toroli kama malkia. Huyo alisema, "Mtoto wangu, kichwa chake, wewe kinakuwasha nini?"

"Hakijaniwasha, kaka. Kinanitisha," Komeo alijibu kwa upole, na akasaidia kumshusha binti.

Walikuwepo waliomuunga mkono. Bibi mmoja alimshika mkono akamwambia, "Kaza hapo hapo, baba. Mimi nyanya zangu huwa zinawekwa palipokanyagwa na viatu vilivyotoka chooni." Basi Komeo akakaza. Kufikia Ijumaa aliamini kwamba ameshamaliza kazi ngumu.

Hakujua Jumamosi imembebea nini.

Mkewe Komeo alikuwa msusi, na Jumamosi ndiyo siku ambayo vichwa vya mji mzima humtafuta. Siku hiyo mtoto wao wa miaka miwili na nusu hukaa kwa bibi yake mzaa mama. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa zuri, lakini halikutumika, kwa sababu tangu alipojua kutambaa alikuwa haonekani mahali pamoja mara mbili. Walimwita Kiroboto.

Na huyo bibi yake, yaani mama mkwe wa Komeo, alikuwa fundi wa kushona mabegi. Mwanamke mnene kiasi, mikono migumu ya kuvuta uzi mnene, ulimi mkali kuliko mkasi wake. Komeo, pamoja na ukubwa wake wote, alipokuwa mbele ya mama huyo aligeuka kuwa mwanafunzi aliyesahau daftari. Humsalimia, huuliza hali, hutafuta mlango. Miaka minne ya ndoa, hawakuwahi kufikisha mazungumzo ya dakika tano.

Saa nne asubuhi, duka limejaa, Komeo alikuwa ndiyo kwanza amemshusha binti wa yule fundi mabomba kwa mara ya tatu wiki ile. Baba mtu alimpandisha mabegani huku akinung'unika. Mara nyuma yake likaingia toroli, limeokotwa kule kwenye maegesho, na ndani yake amekaa dume moja limekunja miguu, limeshika kabichi la sokoni kama usukani.

"Baba!" dume likapiga kelele. "Baba, pipiii!"

Fundi mabomba akageuka. Akamtazama mtoto, akamtazama mlinzi, akatabasamu mpaka magego.

"Ehee," alisema. "Kumbe! Haya, tuone sasa."

Nyuma ya toroli alikuwa mama mkwe, anachechemea kidogo kwa goti. Komeo akavua kofia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkwe. Tupishe basi, goti linaniuma."

Komeo hakupisha. Alitamani sakafu ifunguke. Kwenye kaunta, keshia aliacha kupitisha bidhaa, na meneja alikuwa amesimama karibu na mizani, miwani imeelekezwa mlangoni.

"Mama," alisema, "kuna tangazo."

"Tangazo gani?"

"Hilo hapo ukutani."

"Sikuvaa miwani. Nisomee."

Akasoma, sauti ikishuka kila neno: "Watoto... hawaruhusiwi... kupanda ndani ya toroli."

"Vizuri sana," alisema mama mkwe. "Waambie wenye watoto. Huyu si mtoto, huyu ni mume wangu."

Watu wakaangua kicheko. Hata meneja alijikohoza. Ungekuwa ndio wasaa wa kucheka pamoja nao na kusogea pembeni, na Komeo aliuona wasaa huo wazi kabisa. Lakini aliona pia ile nundu.

"Naomba radhi, Mama," alisema. "Mumeo itabidi ashuke."

Mama mkwe alimtazama kuanzia utosi hadi viatu, kisha akapandisha macho tena.

"Mkwe. Unanishushia mume mbele za watu?"

"Mama, Jumatatu mtoto alianguka hapa. Nilikimbia, nikadaka kiatu." Komeo akamnyooshea mwanawe mikono. "Sitaki kudaka kiatu cha huyu."

Mama mkwe aliachia mshikio wa toroli. Akasema, "Haya, mshushe. Ila nakuambia mapema, huyu akigusa sakafu, utamtafuta."

Komeo akamnyanyua mwanawe, akamsimamisha sakafuni. Fundi mabomba, kwa mshangao wa wote, aliinamisha kichwa kwa heshima. "Basi hapo sina neno," alisema.

Mama mkwe akamshika mjukuu mkono, wakaingia. Haikupita hata robo saa, Komeo akasikia sauti kutoka upande wa sukari. Haikuwa sauti ya ukali aliyoizoea. Ilikuwa nyembamba.

"Mkwe! Mkwe, simwoni!"

Alikuwa ameuachia mkono ule ili ainue mfuko wa mchele. Mfuko ulipofika ndani ya toroli, Kiroboto alikuwa amesharuka. Komeo aliwaza kitu kimoja tu: mlango ule unajifungua wenyewe, na nje ni magari yanayorudi kinyumenyume. Akageuka kuukimbilia, na akakuta umeshazibwa. Fundi mabomba alikuwa amesimama katikati, binti mabegani, mikono ametanua.

"Hatoki mtu hapa!" alinguruma. "Nenda katafute, mimi nakushikia mlango!"

Wakatafuta. Keshia akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba kiroboto amepotea dukani, na mama wawili wakarudisha blanketi walizokuwa wamechagua. Meneja alipiga magoti kuchungulia chini ya friji. Komeo alipita safu baada ya safu, jasho likimtoka, mpaka alipofika kwenye karatasi za chooni na kusikia mtu anaongea peke yake.

"Hodi," ilisema sauti. "Karibu. Hodi. Karibu."

Aliinama. Kiroboto alikuwa amejipenyeza kwenye rafu ya chini kabisa, amevuta karatasi za chooni mbele yake kama ukuta, ana nyumba yake na anajikaribisha mwenyewe.

"Hodi," alisema Komeo.

"Hapana," alisema Kiroboto.

Alipomtoa na kumpeleka kwa bibi yake, alimkuta mama mkwe ameketi juu ya magunia ya mchele, mikono juu ya goti, macho mekundu. Alimkumbatia mjukuu mpaka mjukuu akalalamika. Komeo akachuchumaa mbele yake.

"Mama, ulinionya."

"Nilikuonya, lakini na wewe hukukosea," alisema mama mkwe akipangusa uso na ncha ya khanga. "Goti hili halikimbizi tena mtu. Akiwa juu ataanguka, akiwa chini atapotea. Kweli mbili zikigongana, mkwe, hapo panatakiwa fundi."

Akasimama, akashika toroli, akaanza kulikagua kama anavyokagua begi lililorudishwa na mteja. Karibu na mshikio alikuta kibati cha kukunjua, akakivuta. Kilikuwa kiti kidogo, chenye matundu mawili ya miguu.

"Hiki nini?"

"Kiti cha mtoto, Mama. Hakitumiki. Mikanda ilikatika zamani, watoto wanachomoka."

Mama mkwe alivuta kipande cha mkanda kilichobaki. Kilimfia mkononi. "Nani alishona hii? Adui?" Kisha akapaza sauti: "Meneja yuko wapi?"

Meneja alikuwa pale pale, magoti yana vumbi la chini ya friji. Walizungumza wima, katikati ya mchele na sukari, na kwa mara ya kwanza Komeo alimwona bosi wake amekutana na mtu anayeongea upesi kuliko yeye. Meneja alitaka kuagiza mikanda mipya kiwandani. Mama mkwe akamuuliza itafika kabla au baada ya Kiroboto kuoa. Wakakubaliana mama mkwe aishone mwenyewe, aanze na matoroli kumi.

Jumapili Komeo aliitumia yote kwenye karakana ya mama mkwe, chumba kimoja chenye harufu ya turubai na mafuta ya cherehani. Alikata utepe mgumu wa mabegi, naye mama akashona na kutia vifungo vya plastiki, vile vya kubana kwa pande mbili. Alimfundisha kuchoma ncha za utepe kwa mshumaa ili zisifumuke. Komeo akachoma utepe, akachoma na kidole.

"Mwili wa tembo, kilio cha panya," alisema mama mkwe, akacheka mpaka akasimamisha cherehani. Komeo naye akacheka. Mkewe alipoleta chai aliwakuta wanabishana kwa sauti ya juu kuhusu urefu wa mkanda, akasimama mlangoni na sinia, asijue aingie au arudi.

"Na wale wakubwa, wasioenea kwenye kiti?" Komeo alikuwa akiuliza. "Wa miaka minne, mitano?"

"Hao watembee. Wana miguu."

"Watatembea mpaka kwenye karatasi za chooni, Mama."

Mama mkwe alifikiri, uzi mdomoni. Wazo lilikuwa la Komeo, mishono ilikuwa ya mama: vitanzi vya utepe vya kufunga ubavuni mwa toroli, vya rangi rangi, mtoto achague chake na asikiachie.

Jumatatu wakafunga mfuko wa unga wa kilo kumi kwenye kiti, meneja akaamuru Komeo atikise toroli kwa nguvu zake zote. Unga haukutoka. Wiki mbili baadaye matoroli yote yalikuwa na mikanda na vitanzi.

Sitasema kila mtu alifurahi. Yule aliyeogesha mwanawe miguu alihamia duka jingine. Vitanzi vyekundu vilisababisha vita, kwa kuwa hakuna aliyetaka vya kijivu. Lakini binti wa fundi mabomba alishika kitanzi chake akavuta toroli na baba yake pamoja, akisema yeye ndiye dereva, na baba alifuata mbio, hana la kufanya.

Mama mkwe alianza kuja kila Jumamosi mapema, eti kukagua mishono. Alisimama mlangoni kando ya Komeo, na ukali wake ulimfanya Komeo aonekane malaika. "Wewe mama, kaza huo mkanda! Vidole viwili vipite, si mkono mzima!" Au: "Baba, kiatu hicho kinaelekea kwenye mkate wangu!" Watu walitii. Wengine walimpita Komeo na kwenda moja kwa moja kwake kuomba wafungiwe.

Jumamosi moja, zamu ya Komeo ilipoisha, yeye ndiye aliyesukuma toroli, mama mkwe akitembea pembeni ameegemea mshikio. Kiroboto alikuwa kwenye kiti, amefungwa vizuri, ameimba, amepiga honi, ameomba pipi za kila rangi. Walipofika kwenye kaunta, keshia aliwaonyesha kwa kidole. Kiroboto alikuwa amelala, shavu juu ya mshikio, mdomo wazi.

"Tukisimama ataamka," alinong'ona Komeo.

"Nani amekuambia usimame?" mama mkwe akamnong'oneza. "Zunguka."

Wakazunguka. Walipita sabuni, walipita mafuta, walipita karatasi za chooni, hawana cha kununua, wakibishana kwa minong'ono kama vitanzi vya watoto wenye mikono minene viongezwe upana au viachwe vilivyo.