Neno Lililomhama Munis

Jumatatu baada ya sala ya adhuhuri, Ibtihal Shalabi aliziosha kalamu zake za mwanzi, akaufunika wino, akamkabidhi mwalimu wake kazi iliyomchukua miezi minne: Bismillahi kamili kwa thuluthi, hati ya Kiarabu ya herufi kubwa, juu ya karatasi iliyong'arishwa kwa ute wa yai. Mwalimu, Haji Fikri, mwenye karakana ya hati mjini Tanta, aliitazama kwa muda wa kunywa nusu gilasi ya chai.

"Na ijaza yangu, mwalimu? Mwaka wa tisa huu."

"Herufi yako ya waw bado haijakaa, binti yangu."

"Kwenye Bismillahi hamna waw."

"Ndiyo maana imetoka vizuri."

Kwa ada ya watu wa hati, mwanafunzi asiyepewa ijaza, idhini ya mwalimu wake, hatii jina chini ya kazi yake. Nayo tuzo ya taifa ya wasanii chipukizi haikupokea kazi isiyo na jina, wala mtu aliyetimiza miaka thelathini na tano. Ibtihal angeitimiza mwezi wa Rajabu. Hapakuwa na mwaka mwingine. Jioni ile Munis, mwana wa Haji Fikri, aliyepewa ijaza na babake siku ya harusi yake, alitia chini ya karatasi: *Kaiandika Munis Fikri*. Kazi ikapelekwa Kairo.

Alhamisi neno *kaiandika* liliondoka. Jina lilibaki. Mlinzi wa ukumbi wa mashindano aliandika katika daftari lake kwamba neno lilishuka kwenye fremu baada ya alasiri, herufi zikiwa zimeshikana, likafuata ukuta upande wa kivuli, likatoka mlangoni bila kumkera mtu. Ijumaa, alipokuwa akitawadha, Ibtihal alilikuta kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia. Kwa kuwa wino wa masizi hauzuii maji kufika kwenye ngozi, alikamilisha udhu wake, akaswali.

Kamati ya tuzo ilimwita. Katibu wake, Bi Nagwan, alikuwa na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia watu. Alivaa ya pili.

"Mwanangu, neno hilo ni mali ya mashindano. Lirudishe."

"Nimelirudisha mara mbili, mama. Mara zote limefika Tanta kabla yangu."

"Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi."

"Una ijaza?"

"Sina."

"Basi hukuandika." Bi Nagwan akavua miwani. "Usininunie, mwanangu. Kanuni sikuzitunga mimi, mimi nazipiga muhuri tu."

Wajumbe walikaa siku mbili wakijadili iwapo jina lisilo na kitenzi ni sahihi ya kutosha. Mmoja wao, mwanasarufi wa siku nyingi, aliwakumbusha kuwa jina huweza kusimama peke yake, kitendo chake kikafahamika bila kutajwa. Hoja ilionekana yenye nguvu. Wakapiga kura, Munis akashinda.

Vyeti vya tuzo huandikwa kila mwaka katika karakana ya Haji Fikri. Ibtihal alikiandika cha Munis siku ya nne baada ya kutimiza miaka thelathini na tano. Jina aliliweka katikati, kubwa, lenye kupumua. Alipouinua mkono, neno lilikuwa limekwisha kushuka kutoka kifundoni, limekaa pembeni chini kabisa, na mbele yake nafasi tupu ya jina moja.

Haji Fikri akaja kutazama.

"Nilifute, mwalimu?"

"Liache. Linapendeza, kama ua."

Mgeni rasmi alikitoa cheti mbele ya kamera bila kukisoma. Munis alikisoma. Kisha akakiviringisha, akianzia upande wa chini.